Maboga Sita ya Mama Mujinga

Jumamosi, 22 Machi 2025

Mbele ya daftari hili kuna vipimo vya wateja wangu: kifua, kiuno, urefu wa sketi. Leo nimeligeuza chini juu na kuanza kuandika kwa nyuma, ili mteja akilifungua asikutane na mambo yangu. Mvua imenyesha tangu alfajiri na hakuna aliyekuja kuchukua nguo.

Nimepata kazi mpya, na nimeifurahia kupita kiasi. Mwaka jana kwenye Misa ya mavuno, akina mama wa parokia walipamba kanisa kwa maboga ya kweli. Mvua ilikuwa haijakatika, unyevu ulikuwa mwingi, na Jumapili ya tatu, yakiwa bado pale, boga moja lilipasuka chini ya altare katikati ya mahubiri. Maji yake yalitiririka mpaka kwenye viatu vya wanakwaya. Padri Amédée alimaliza mahubiri ameziba pua. Mwaka huu Mama Gisèle, rais wa akina mama, amesema tushone maboga ya kitambaa. Alinionyesha picha kwenye simu, za nchi za baridi ambako watu hupanga maboga ya namna hiyo mlangoni majani ya miti yanapoanza kuanguka. Hapa Kamina majani hayana haraka hiyo, lakini mahindi yanakauka na maboga yanaiva, basi ni msimu ule ule. Anataka madogo thelathini, na makubwa sita ya kukaa mbele ya altare. Fundi ni mimi.

Alhamisi, 27 Machi

La kwanza nimelishona mara tatu. Kazi yenyewe si ngumu ukishaijua: unakata kitambaa chenye upana mara mbili ya kimo, unaunganisha ncha mbili kiwe kama mfuko usio na chini wala juu, unavuta uzi chini mpaka kijikunje na kufunga, unajaza, unavuta uzi juu. Kisha sindano ndefu inapita katikati na uzi mnene unazunguka nje, ukikaza ndipo zinapotokea zile mbavu za boga. Kwa kujazia natumia maganda makavu ya mahindi, na kikonyo ni kipande cha gunzi.

Mama alilipapasa. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, siku hizi anaona kwa vidole. Aliligeuza, akalibonyeza, akauliza: "Hii ni boga ao ni mandazi?" Tulicheka sote wawili. Nimefumua na kuanza upya.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Maboga manne.

Jumamosi, 5 Aprili

Madogo yanaendelea vizuri kwa vipande nilivyookota kwa mafundi wenzangu sokoni. Tatizo ni yale makubwa, kwa kuwa yanahitaji kitambaa kizima. Mama Gisèle aliniletea pazia la zamani la sakristia, la buluu iliyopauka. Nikashona moja. Boga la buluu, limekaa kama jiwe lililovishwa nguo. Mama Gisèle alisema Mungu haangalii rangi. Mimi naangalia. Kanisa zima litakaa saa mbili na nusu likitazama altare, na watu watauliza ni kazi ya nani.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika haraka kabla sijajitetea.

Chini ya kitanda cha Mama kuna sanduku la bati lisilo letu. Mwaka 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, walikusanyika stesheni wakingoja treni, wiki baada ya wiki, na mizigo yao. Mama alikuwa akiuza unga karibu na reli, na aliyekaa naye bega kwa bega miaka yote alikuwa mama mmoja wa Kasai, Mama Mujinga, jina la kawaida kwao. Siku moja alikuja nyumbani na sanduku kichwani. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka alikuwa na mtoto mdogo aliyeshika pindo la nguo yake na hakuliachia hata alipopewa muhogo. Alimwambia Mama: niwekee, nitarudi ao nitatuma mtu wangu. Wakati ule barabarani kulikuwa na vijana wetu wanaorusha mawe. Sisi hatukurusha jiwe hata moja. Baba alifunga dirisha.

Ndani ya sanduku mna vikwembe sita, nguo za kujifunga za mwanamke. Kila mwaka mvua ikikatika Mama huvianika siku nzima, visiliwe na wadudu, na siku zote kwenye kamba ya upande wa barabara. Husema: kama mtu wake anapita, atavijua. Kisha huvikunja, huvihesabu na kuvirudisha.

Kimoja ni cha rangi ya chungwa lililoiva, chenye samaki weusi wawili wawili. Rangi ile imekaa miaka thelathini na miwili bila kufifia. Leo Mama alipokuwa kwa jirani nililivuta sanduku. Nilijiambia nakitazama tu. Nikakipima. Kinatoa vipande sita sawasawa, kana kwamba mtu alikipimia kazi yangu. Nilijiambia Mama Mujinga amekwisha kufa. Nilijiambia ni kwa ajili ya kanisa. Nilijiambia mambo mengi, na mkasi ulikuwa mkononi tayari.

Mahali pake nimeweka kitambaa cha soko, nimekikunja kwa mikunjo ile ile. Mama akihesabu atapata sita.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeshona siku nzima. Yanapendeza mno.

Jumamosi, 19 Aprili

Makubwa sita yamekamilika. Nimeyafunika shuka ili Mama asiyaguse. Aliuliza kwa nini simpi ayapapase kama yale madogo, nikamwambia gundi haijakauka. Hakuna gundi katika kazi hii, na yeye anajua ushonaji kuliko mimi. Akaurudisha mkono mapajani.

Jumatano, 30 Aprili

Imenyesha mvua fupi, ya kuaga.

Jumapili, 4 Mei

Misa ya mavuno. Watu walipanda altareni na vikapu vya mahindi, karanga, mihogo, jogoo mmoja aliyewika wakati wa Sanctus. Na mbele ya altare maboga yangu sita, jua la dirishani likiyapiga. Watoto walitaka kuyala. Padri Amédée aliyataja katika mahubiri na kunisimamisha, watu wakapiga makofi. Nilisimama na kutabasamu, na nilikuwa na furaha kweli. Naiandika kwa kuwa ilikuwapo.

Watu walipotoka, mtu mmoja alibaki amechuchumaa mbele ya maboga. Ni Déborah Ngalamulume, karani wa ofisi ya parokia, anayeandika vyeti vya ubatizo. Alitoka Mbuji-Mayi miaka miwili iliyopita na amepanga chumba nyuma ya shule, kwenye barabara yetu. Ni mtu wa maneno machache, na mimi huniita Yaya, dada mkubwa. Alikuwa akipitisha kidole juu ya samaki.

"Yaya Lydie, hii kikwembe ulipata wapi?"

Nikasema sokoni.

"Mama yangu alikuwa na ya namna hii. Alikuwa ananibeba nayo ku mugongo. Nilijifunza kuhesabu juu ya hawa samaki."

Nilimwambia kilitoka Lubumbashi, na kwamba vipo vingi. Sijui kwa nini niliongeza hilo la vingi. Padri alipita, akamsikia, akampa boga moja aende nalo. Jingine amempa Zébédée, katekista wa kituo cha njia ya Kaniama, apambe kikanisa chake. Manne yamebaki.

Déborah alimbeba lile boga kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzake, kwa mikono miwili.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeandika "alimbeba" na si "alilibeba". Nimeliona kosa na nimeliacha.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemkuta Déborah sokoni, upande wa wauza vikwembe. Alikuwa akipekua meza baada ya meza. Nilijificha nyuma ya magunia ya chumvi mpaka alipopita, mimi mwanamke wa miaka arobaini na mmoja.

Mama ameuliza mbingu ikoje. Nimesema bado kuna mawingu, si wakati wa kuanika.

Jumatano, 14 Mei

Mama ameuliza mbingu ikoje. Mawingu.

Jumamosi, 17 Mei

Déborah tena sokoni, na safari hii aliniona. Amemwomba mfanyabiashara mmoja, Jéthro, amtafutie kikwembe kile Lubumbashi, na amempa kipande cha karatasi alichochora wale samaki. Kwa kuwa mimi nilisema vipo vingi, hakati tamaa. Anakitaka kwa Jumapili ya tarehe 15 Juni. Amemwomba Padri Misa ya kumwombea mama yake, na anataka kukivaa siku hiyo.

Alinisimulia tukiwa tumesimama kando ya wauza dagaa. Mama yake alikufa ndani ya treni, njiani kurudi Kasai, kwa homa na kiu. Walimshusha kwenye stesheni ndogo ambayo Déborah hajui jina lake, kwa kuwa alikuwa na miaka mitano. Treni ikaondoka. Hakukuwa na matanga, hakuna aliyekaa chini kwa ajili yake, hakuna nguo iliyogawanywa. Kwetu na kwao ni sawa: mama akifa, binti hupewa kikwembe chake, hujifunga nacho, na hapo ndipo watu hujua kwamba yule mama alizaa. Déborah hakupewa hata uzi.

"Alikuwa anaitwa nani?" nikamuuliza.

"Mujinga."

Nimerudi nyumbani nikijiambia kina Mujinga wako wengi Kasai. Na kweli wako wengi.

Jumatano, 21 Mei

Déborah alikuja leo nimpime blauzi ya siku ile ya Misa. Nilikuwa nyuma yake na utepe kifuani pake aliposema kwa sauti ya chini kwamba kuna neno moja mama yake alilirudia ndani ya treni, na yeye akalishika kwa kuwa ndilo la mwisho. Alisema: bintu byetu biko kwa Mama Urbain, yaani vitu vyao. Tangu afike Kamina amewauliza wazee wengi, lakini hakuna anayemjua Mama Urbain. Je, mimi namjua?

Urbain alikuwa kaka yangu. Alikufa mwaka 1996 kwa homa, na tangu hapo watu kwa huruma waliacha kumwita Mama kwa jina lile. Wakaanza kumwita Mama Lydie. Wale wachache waliomjua kwa jina la zamani wamekufa au wamehama. Jina limezikwa pamoja na mtoto.

Mama alikuwa nyuma ya ukuta, anachagua maharage. Nilikuwa nasikia maharage yakidondoka kwenye sahani.

Nikasema: "Hapana. Simujue."

Nikampima upya, kwa sababu namba ilikuwa imenitoka. Kifua 92, kiuno 78. Nimeviandika upande wa mbele, kwa mwandiko mzuri.

Alhamisi, 22 Mei

Sijala. Uongo wa kwanza ulikuwa wa kuficha aibu. Kwa huu wa pili nimemwibia mtu mama yake. Mkasi ulikata nguo tu.

Jumatatu, 26 Mei

Mama ameuliza mbingu ikoje. Nimesema mawingu. Alinyoosha mkono mlangoni, juani, akauacha hapo muda mrefu. Kisha akaurudisha na kuendelea na chai yake.

Jumatano, 28 Mei

Vumbi limeanza. Hakuna wingu hata moja tangu mwanzo wa mwezi. Mama hajauliza tena, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi, 31 Mei

Asubuhi nilitoka kuchota maji, na niliporudi nilimkuta Mama ameketi sakafuni na sanduku limefunguliwa. Alilivuta mwenyewe kwa kamba ya kipini. Alikuwa anavitoa vikwembe kimoja kimoja na kuvilaza mapajani, akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye cha nne alinyamaza. Alikisugua kati ya vidole viwili, akakipeleka puani, akakirudisha.

"Hii haiko ya Mujinga," alisema. "Hii ni karatasi. Ile ya samaki iko wapi?"

Nilikaa chini mbele yake nikamweleza. Nilimweleza maboga, altare, makofi. Alisikiliza huku akikunja na kukunjua kitambaa cha soko. Mama yangu si mtu wa kupaza sauti, hakupaza leo pia.

"Hii bikwembe ilikuwa ya bantu, ya wenyewe. Nililala na njaa juu yake, sikuuzisha hata moja. Sasa umenifanya mwizi na mvi ku kichwa."

Nililia. Hakunigusa wala hakuniambia ninyamaze. Kwa hiyo nikasema lililobaki, kwamba mtoto wa Mama Mujinga yupo Kamina, ni Déborah wa ofisi ya parokia, yule niliyempima hapa hapa, na kwamba aliuliza Mama Urbain nikasema simjui.

Mama aliposikia jina lile alikiweka chini kitambaa cha soko. 

"Iko huku tangu lini?"

"Miaka mbili."

"Anakaa wapi?"

"Nyuma ya masomo, ku shule. Ku barabara yetu."

"Na miaka mbili anapita, hakuona kamba?"

Nikasema labda alipita siku nyingine, tunaanika siku moja tu kwa mwaka. Mama akaitikia kwa kichwa. Alisema: kwenda umwambie. Mwambie weye, kwa kinywa chako, na umwambie yote.

Sasa niandike la kamba, kwa kuwa hapa ndipo pabaya kuliko pote na nimelizungukia tangu Machi. Macho ya Mama yalizimika miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo mwanikaji ni mimi, na sikuwahi kuanika upande wa barabara. Mama alipokuwa akianika mwenyewe, watu walikuwa wakisimama na kuuliza: hivyo ni vya nani, mnauza, kwa nini mnatunza vitu vya watu wa Kasai. Nilichoka kujibu. Nilivianika nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na jiko, ambako hakuna apitaye, na nilimwambia Mama viko barabarani. Mwaka juzi Déborah alikuwa amefika. Mwaka jana alikuwa anapita hapa kila siku. Angeinua macho tu.

Jumatatu, 2 Juni

Nimekwenda ofisini. Alikuwa anapiga mihuri kwenye vyeti. Nilisimama mbele ya meza kama mtu aliyekuja kuomba cheti na nikasema yote bila kuketi: sanduku, samaki, Mama Urbain ni mama yangu, nilidanganya mara mbili, na kamba. Hasa kamba. Nilitaka kuliruka, lakini nikalisema.

Aliendelea kupiga mihuri. Vyeti viwili, vitatu. Kisha aliuweka muhuri chini.

"Miye napita pale kila siku, Yaya. Asubui na mangaribi."

Nikasema najua.

"Kuna siku nilisimama ku mulango yenu, nikaomba maji. Mama yako njo alinipatia."

Hilo sikulijua. Alisimama, akafungua mlango na kuushika wazi, mpaka nilipoelewa kwamba ni mimi ninayetakiwa kutoka.

Jumanne, 3 Juni

Hakuna habari yake.

Alhamisi, 5 Juni

Hakuna. Mama haulizi. Anakaa upande wa mlango unaotazama barabara, na kila hatua zikipita anainua kichwa.

Jumamosi, 7 Juni

Amekuja, jioni jua likiwa bado juu, na hakuingia. Alinisubiri kwenye kona akiwa na lile boga ndani ya mfuko. Alinipa. Alisema maneno yake kama mtu aliyeyapanga siku tano.

"Kamata yote sita, fumua, shona kikwembe. Alafu utaanika byote ku barabara, Jumamosi mbele ya Misa ya mama, siku muzima, namna mama yako alisema. Usimwambie nitakuya siku gani. Nitapita namna bantu banapitaka."

Nilimuuliza kwa nini asiingie tu sasa, Mama anamngoja.

"Nataka nikuye namna ilipaswa kuwa."

Jumatatu, 9 Juni

Mama Gisèle hakupenda. Nilipochukua manne ya altare aliuliza nani aliniruhusu, nikamweleza sababu mbele ya akina mama wote waliokuwa wakifagia. Nilitazama viatu vyao nikisema. Hakuna aliyepiga makofi leo. Mmoja wao, mtu mzima, alisema polepole kwamba hata kwao kulikuwa na baiskeli ya mtu wa Kasai, na kwamba waliiendesha mpaka ikaisha. Kisha akaendelea kufagia.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kwa pikipiki mpaka kituo cha njia ya Kaniama kwa Zébédée, vumbi mpaka kwenye meno. Alikuwa ameliweka boga dirishani, jua la mwezi mzima limelipausha upande mmoja. Panya nao wamelitoboa, kwa kuwa mimi, fundi hodari, niliacha punje za mahindi kwenye maganda. Zébédée aliomba msamaha kana kwamba kosa ni lake. Nimerudi nalo mapajani.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefumua yote sita. Kila uzi niliokuwa nimeukaza ulinibidi niukate kwa wembe, polepole, nisiguse nguo. Maganda ya mahindi yamejaa chumbani. Vipande nilivilowesha, nikavinyoosha kwa pasi ya makaa, nikavipanga mezani kama vilivyokuwa, safu tatu za viwili viwili. Samaki niliowakata katikati nimewatafutia nusu zao. Kuna ambao hawakutani vizuri, kwa kuwa mshono unakula kitambaa. Wamebaki na tumbo fupi. Kipande cha Zébédée ni cheupe kuliko vingine, na tundu la panya nimelitia kiraka kidogo kilichotoka kwenye pindo. Mikunjo ya mbavu haitoki. Hata ukipiga pasi mara kumi unaiona.

Mwishowe Mama alikipapasa kikwembe. Vidole vyake vilifuata kila mshono, kutoka ncha hadi ncha. Aliuliza kuna mishono mingapi, nikasema saba. Akasema: basi.

Jumamosi, 14 Juni

Niliamka mapema nikafunga kamba upande wa barabara, kati ya nguzo ya umeme na ukuta wa jirani. Nilianika vitano vilivyo vizima na mwishoni kile chenye mishono. Mama aliomba kiti chake kitolewe nje. Alikaa mwisho wa kamba, mikono mapajani.

Watu walipita. Wakauliza kama walivyokuwa wakiuliza: hivyo ni vya nani, mnauza. Safari hii nilijibu kila mmoja. Ni vya Mama Mujinga, aliyekuwa akiuza unga karibu na reli, alifukuzwa na watu wa hapa, tunamngojea mtu wake. Nilisema hivyo labda mara ishirini. Wengine walitikisa kichwa, wengine waliharakisha. Si kazi nzito kama nilivyoifanya miaka mitatu. Ni maneno tu.

Saa nne. Saa sita. Mama hakutaka kula. Nilianza kufikiri hatakuja, na kwamba ana haki.

Saa tisa na kitu nilimwona anatokea upande wa shule, na kikapu cha mboga, anatembea kwa mwendo wake wa kila siku. Alikuwa anatazama mbele. Alipofika kwenye kikwembe cha kwanza aliinua macho. Akapunguza mwendo. Akapita cha pili, cha tatu, akigusa pindo kwa mgongo wa mkono. Kwenye cha mwisho alisimama. Aliweka kikapu chini. Nilimwona midomo inachezacheza, na nilichelewa kuelewa kwamba anahesabu samaki.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na vibanio mkononi. Hakunitazama. Alipita chini ya kamba, akaita, si kwa nguvu, kama mtu anavyoita nyumbani kwa watu akiwa na adabu:

"Mama Urbain?"

Miaka ishirini na tisa hakuna aliyemwita hivyo. Mama aliinua uso kuelekea sauti.

"Niko hapa," alisema. "Kuya. Bintu byenu byote biko."

Déborah alipiga magoti mbele ya kiti. Mama alimpapasa uso, masikio, mabega, kama anavyopapasa kila kitu sasa, bila haraka. Kisha walikaa chini wote wawili, kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, kama watu wanavyokaa matangani. Jirani mmoja akaja akakaa. Mwingine akaja. Hakuna aliyeambiwa. Mimi nilileta maji, nikarudi kusimama karibu na kamba.

Déborah alikaa mpaka jua likaanza kupoa. Alipoondoka alibeba sanduku kichwani, kama lilivyokuja. Kile chenye samaki hakukiweka sandukuni. Alijifunga nacho hapo hapo, mishono ikiwa nje, na kipande kilichopauka akakileta mbele mahali ambapo kila mtu atakiona kesho kanisani. Sijui kama alifanya hivyo kwa ajili yangu au kwa sababu ndivyo nguo ilivyoangukia. Sikuwa na ruhusa ya kuuliza.

Kabla ya hapo, nilipokuwa navitoa kambani, nilimpa Mama avikunje, mara ya mwisho. Alikunja cha kwanza, akakipeleka puani. Cha pili, akakipeleka puani. 

"Leo haina moshi," alisema.

Nilisimama na kile cha tatu mkononi. Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na jiko, moshi hauondoki tangu asubuhi mpaka jioni. Miaka mitatu nilikuwa nampa vikwembe vinavyonuka jiko, nikimwambia vimetoka barabarani, naye alivikunja, akavihesabu, akanishukuru.

Alinyoosha mkono akingoja kile cha tatu. Nilimpa.